Kiasi cha Nuru

Wapiga picha za anga husifiwa kwa subira. Mtu anakesha na kukusanya nuru saa baada ya saa, hadi wingu la gesi lisiloonekana kwa macho lijitokeze kwenye skrini. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini iko kazi moja katika ufundi huu ambayo subira isiyo na breki huiharibu, nayo ni kupiga picha ya fungunyota changa, yaani kundi la nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja na ambazo bado hazijapata muda wa kutawanyika. Nyota hizo zina mwanga mkali. Ukizifungulia kamera kwa pupa zinageuka madoa meupe yasiyo na tofauti, na kile kilichokutoa kitandani, yaani rangi zake, kinapotea. Hapa fundi hupimwa kwa nuru anayoikataa.

Fungunyota ninalolisifu lina namba NGC 4755 katika orodha za wanaastronomia, na wengi hulijua kwa jina la Kisanduku cha Vito. Limo katika Msalaba wa Kusini, yapata digrii moja kutoka Mimosa, nyota ya pili kwa ung'avu katika msalaba huo. Kwa macho matupu, penye giza la kutosha, unaona nyota moja yenye ukunguukungu, basi. Kando yake pana doa jeusi liitwalo Gunia la Makaa, jina ambalo kwa msafiri wa barabara za Ukambani halina haja ya maelezo. Weusi huo ni vumbi lililo umbali wa miaka ya nuru 600 hivi. Fungunyota lenyewe liko nyuma kabisa, takriban miaka ya nuru 6,400, na tunaliona kwa sababu linachungulia pembeni mwa gunia.

Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille ndiye aliyeliorodhesha kwanza, alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema kati ya mwaka 1751 na 1753, kwa darubini yenye kipenyo cha nusu inchi tu. Leo hata darubini ya kuchezea watoto huishinda hiyo. Kisha John Herschel alifika Rasi hiyohiyo mwezi Januari 1834 na darubini kubwa, akakaa hadi 1838, akazipima na kuzichora kwa mkono nyota zaidi ya mia moja za kundi hili. Ni yeye aliyelifananisha na kisanduku cha vito vya rangi, na jina likashika. Ninapoitazama kazi yake huwa nawaza jinsi alivyokuwa na kitu ambacho kamera haina: jicho lenye uwezo wa kuona nyota kali na nyota hafifu kwa wakati mmoja bila ya moja kuimeza nyingine. Sisi tulio na kamera tunalazimika kuutengeneza uwezo huo kwa hila.

Mimi hulipigia picha upande wa Kola, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote. Mahali hapo pana bahati. Mji wa Machakos uko kaskazini, na mng'ao wa Nairobi, ambao siku hizi huonekana hata ukiwa mbali, uko kaskazini-magharibi. Msalaba unasimama kusini, mgongo wako ukiwa umeelekea taa zote hizo. Huko kusini, kuelekea Makueni, giza bado lipo, ingawa kila mwaka linamegwa kidogo na taa za usalama ambazo watu huzifunga zikimulika juu badala ya kumulika lango.

Majira ndiyo shida. Mwezi Februari, wakati wa kiangazi, Kisanduku kinafika juu kabisa mnamo saa kumi alfajiri. Katikati ya Mei kinafika hapo karibu saa nne usiku, saa ya kistaarabu kabisa, lakini hiyo ni Mei ya mvua ndefu. Juni hadi Agosti kipo pale jioni mapema, na mawingu ya baridi nayo yapo, yamekaa juu ya vilima vyetu wiki nzima bila kudondosha hata tone la kumfaa mkulima. Wengi huchagua Februari. Mimi naipenda zaidi Mei, ule usiku mmoja mmoja unaofunguka baada ya mvua kuiosha hewa. Februari kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayosafishwa, na nyota zilizo chini kusini huchujuka. Lakini Mei huwezi kupanga. Ni lazima vifaa viwe tayari wiki zote, na uwe mtu wa kuacha chakula mezani.

Kabla ya picha kuna kazi ya chuma, na hapa ndipo ikweta inapomfunza mtu adabu. Darubini ya kupigia picha hukaa juu ya stendi yenye mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, ili mota moja tu ikizunguka polepole ifute mzunguko wa dunia. Kwa mtu wa Ulaya jambo hilo ni rahisi: anailenga Nyota ya Kaskazini, anamaliza. Machakos iko digrii moja na nusu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini imezama chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini imeinuka digrii hiyohiyo moja na nusu tu, yaani iko ndani ya vichaka vya jirani. Stendi nyingi zimeundwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta. Skrubu ya kuinamisha mhimili hukwama kabla haujalala kiasi tunachohitaji huku, na hata ukilala, uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi.

Dawa yake haiuzwi dukani. Anayo fundi wa jua kali. Unampelekea mchoro wa kabari ya chuma yenye pembe unayoitaka, naye anaikata, anaichomelea na kuipaka rangi ileile anayopaka mageti. Miguu mitatu unaiacha, unasimamisha bomba nene la chuma kwenye zege, na uzito sasa unazunguka bila kugonga kitu. Nimeona stendi za bei kubwa zikishindwa na nguzo kama hiyo, kwa sababu upepo wa Februari hautikisi bomba lililojazwa mchanga. Fundi atakuuliza pembe hiyo ndogo ni ya nini, na ukimweleza atakuwa mtu wa kwanza kukuelewa, maana kazi yake nzima ni pembe.

Kisha unalenga bila kuiona ncha. Njia ni ya zamani: unachagua nyota iliyo karibu na utosi na karibu na ikweta ya anga, unaiweka kwenye mstari wa katikati ya kioo cha kutazamia, na kungoja. Kwetu nyota hiyo hupatikana bila kutafuta, kwani mkanda wa Jabari, ambaye wengine humwita Orioni, hupita karibu kabisa na utosi wa Machakos. Nyota ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili wako umepotoka kushoto au kulia; unausogeza kwa uzi wa skrubu, unangoja tena. Baadaye unachukua nyota iliyo chini mashariki au magharibi, na hiyo inakueleza kama mhimili umeinuka au umeinama kupita kiasi. Siku hizi programu za kompyuta hutambua mahali pa anga kwa kulinganisha picha na ramani, na hufanya kazi hii kwa dakika chache. Ni nzuri, nami huzitumia. Bado naona kwamba asiyewahi kuifanya kwa nyota na skrubu hajui programu inapomdanganya.

Hapo penye ugumu pana zawadi pia. Nyota zilizo kwenye ikweta ya anga hukimbia sekunde za tao 15 kila sekunde ya saa. Kisanduku, kwa kuwa kiko digrii 60 kusini, huenda nusu ya mwendo huo. Kosa dogo la mwendo wa mota, ambalo lingezivuta nyota za Jabari kuwa vistari, hapa huacha nusu tu ya alama hiyo.

Mama mmoja jirani, ambaye hutoka kabla ya mapambazuko kupeleka maembe sokoni Machakos, alisimama nguzoni alfajiri moja nikamkaribisha kutazama kabla sijafunga kamera. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, “Mwanangu, na hiyo moja mbona imeiva peke yake?”

Sijapata maelezo bora zaidi ya NGC 4755. Nyota zake kali ni za buluu na nyeupe-buluu, zenye joto la nyuzi zaidi ya 10,000 usoni, na katikati yake imo moja nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, DU Crucis, yenye joto la nyuzi 3,500 hivi. Zote ni za zao moja. Tofauti ni uzito. Nyota nzito huchoma hidrojeni yake kwa kasi isiyo na hesabu ya kesho. Ile nyekundu, yenye uzito wa jua letu mara kumi na zaidi, imekwisha kumaliza hidrojeni ya kiini chake, ikavimba na kupoa usoni. Imeiva, kweli, na ndugu zake wa buluu wanaifuata. Nyota ndogo za kundi hilo, zenye uzito wa jua au pungufu, ndiyo kwanza zinaanza maisha.

Umri wa kundi zima unakadiriwa kuwa miaka milioni 14. Hesabu hiyo haimwingii mtu akilini mpaka aitafutie mwenzake hapa chini. Ng'ambo ya mto Athi imelala nyanda ya Yatta, ukuta bapa unaoenda kwa takriban kilomita 300, kutoka jirani ya Ol Doinyo Sabuk hadi Tsavo. Ni lava. Ilitiririka ndani ya bonde la mto wa kale miaka ipatayo milioni 13 na nusu iliyopita, ikaganda, halafu mvua za zama zote zikaumomonyoa udongo laini wa kingo hadi kilichokuwa kitanda cha mto kikabaki juu. Lava ya Yatta na Kisanduku cha Vito ni wa rika moja. Huko Fort Ternan, karibu na Kericho, palipatikana mifupa ya nyani mkubwa ambaye Louis Leakey alimwita Kenyapithecus, na umri wake nao ni kama miaka milioni 14. Alipokuwa akila matunda katika misitu ya magharibi mwa Kenya, nyota hizi zilikuwa zinawaka kwa mara ya kwanza. Na bado tunaziita changa, kwa kuwa jua letu lina miaka bilioni 4.6, na miamba ya vilima vya Machakos yenyewe imepita miaka milioni 500.

Sasa kamera. Darubini ninayoisemea hapa ni ya kioo cha milimita 200, urefu wake wa fokasi milimita 1,000, kifaa cha kawaida kabisa. Kamera ni ile ya kubadilisha lenzi, mwili wake umefungwa mahali pa kioo cha kutazamia. Fokasi ndiyo hatua ya kwanza. Unakata kadibodi mifereji ya pande tatu, kwa mtindo uliobuniwa na Mrusi Pavel Bahtinov, unaifunika mdomoni mwa darubini na kuielekeza Mimosa. Nyota inatoa miali mitatu, na mwali wa kati ukipita sawasawa katikati ya wenzake, umefika. Usiku unavyopoa bomba la darubini hujikunyata, fokasi hukimbia, unarudia. Sina la kuongeza juu ya hilo ila kwamba ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato.

Kisha unafika mahali penye ufundi wenyewe. Kila pikseli ya kihisi cha kamera ina kikomo cha nuru inayoweza kuhifadhi. Rangi ya nyota haipatikani kwa nuru nyingi. Hupatikana kwa tofauti kati ya pikseli zilizo chini ya kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu. Zote tatu zikifika kikomo zinakuwa sawa, na usawa huo kwa kamera maana yake ni weupe. Hakuna programu itakayoirudisha rangi hiyo baadaye, kwa sababu haikurekodiwa. Kwa darubini ya ukubwa huu, nyota kali za Kisanduku hujaza pikseli zake kwa muda wa kusema neno moja refu. Ndiyo maana hupiga picha za sekunde moja au mbili, nyingi, na kwenye skrini kila moja inaonekana duni, nukta chache kwenye weusi. Aliyezoea kupiga nebula, yale mawingu ya gesi, huona aibu kuitazama. Lakini ndani ya nukta hizo buluu iko kamili, na ile iliyoiva imeiva.

Nyota za daraja la kati huhitaji kama sekunde 10, na zile hafifu, ambazo ndizo umati wa kundi, sekunde 60. Kwa hiyo kazi moja inakuwa picha za aina tatu. Za kila aina hurundikwa moja juu ya nyingine ili kupunguza chenga. Picha 100 zikirundikwa, chenga hupungua mara 10 zikilinganishwa na nuru ya nyota. Mwisho unazisuka tatu hizo: mioyo ya nyota kali kutoka sekunde mbili, za kati kutoka sekunde 10, umati kutoka sekunde 60. Mshono usionekane. Herschel aliyafanya haya yote kwa jicho na penseli, akiwa amesimama juu ya ngazi.

Zipo pia picha za huduma ambazo hakuna atakayekuonyesha. Unapiga giza lenyewe, mdomo wa darubini ukiwa umefunikwa, ili kamera ikiri madoa yake ya joto. Unapiga weupe mtupu, kwa fulana nyeupe iliyovutwa juu ya bomba, mbingu ikianza kupambazuka, ili vumbi lililo kwenye kihisi lijulikane na lifutwe. Mwandishi wa mwongozo wa Ulaya hukwambia ungoje mwanga ufikie kiwango fulani, kwa utulivu. Kwetu kwenye ikweta jua huchomoza wima, alfajiri haikawii. Ukienda kutafuta kiberiti cha jiko la chai umeikosa.

Ni vyema kuulinganisha utaratibu huu na wa fungunyota ambalo kila mzaliwa wa pwani na bara amelisikia, yaani Kilimia, lile ambalo wakulima walilitazama ili kujua msimu. Kilimia kina zaidi ya miaka milioni 100, na usiku wa Februari huzama magharibi mnamo saa saba, wakati Msalaba unapanda kusini. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha yake na kukuta wingu karibu na nyota iitwayo Maia, wingu ambalo hawakuliona kwa macho. Ilikuwa ajabu ya wakati wake: bamba la kioo limeona kuliko mtu. Tangu hapo wapigao Kilimia hutafuta wingu, nao hufungua kamera kwa dakika nyingi, na nyota zenyewe huachwa zigeuke taa. Sibishani na uzuri wake. Nasema tu kwamba mkono uliozoea hivyo ukija kwa Kisanduku huleta mazoea mabaya.

Hoja ya rangi ya kweli huzua ubishi kila wapiga picha wawili wanapokutana. Nuru ya Kisanduku imepita katika vumbi la anga, na vumbi hula buluu kwanza. Hivyo nyota hizo ni za buluu zaidi ya tunavyoziona. Halafu, kwa Machakos, kundi halipandi zaidi ya digrii 31 hivi juu ya upeo, kwa hiyo nuru inapita hewa nene karibu maradufu ya ile ya utosini. Hewa hiyo nayo hula buluu, tena huipinda nuru, hata ukingo wa juu wa kila nyota ukawa wa buluu na wa chini mwekundu. Hili la mwisho ni kasoro, na dawa yake ni kuzilinganisha upya tabaka tatu za rangi hadi zikae moja juu ya nyingine. Hewa nayo nairekebisha, kwa kuichukua nyota iliyo karibu yenye joto la jua letu na kuiruhusu iwe nyeupe, rangi nyingine zijipange kutokana nayo. Vumbi la anga siligusi. Hilo ni sehemu ya mahali kundi lilipo.

Wengine huenda mbele, wakaongeza rangi hadi buluu ikawa ya wino na nyekundu ikawa ya pilipili. Picha hizo hupendwa, hushirikiwa kwa simu, na mara nyingi mpigaji wake ana ujuzi kunishinda. Kwangu zimeshapoteza jambo. Yule mama hakuona wino wala pilipili. Aliona nyota moja iliyotofautiana na wenzake kwa kiasi kidogo tu, naye akaitambua papo hapo.

Kwa sababu hiyo naiona kazi ya Susan Murabana na Chu Owen, wanaozunguka shule za Kenya na darubini yao chini ya jina la Travelling Telescope, kuwa shule ya wapiga picha pia, hata kama haikuanzishwa kwa nia hiyo. Mtoto aliyeitazama nyota kwa jicho lake mwenyewe ana kipimo. Akikua akanunua kamera, atajua picha yake imekaribia kile alichokiona au imekimbia nacho.

Kati ya saa sita na saa nane usiku wa Februari, Kisanduku kikiwa bado chini mno, siku hizi naielekeza darubini kwa NGC 3293 katika kundinyota la Carina, ambalo hupanda zaidi ya saa mbili mapema. Nalo ni fungunyota changa la nyota za buluu, na nalo lina nyota moja jitu nyekundu. Nalipiga kwa sekunde zilezile, kwa mpangilio uleule, bila kubadilisha kitu kwenye kamera, ili mbili hizi zikiwekwa kando kwa kando tofauti yoyote ya rangi iwe ya nyota zenyewe. Kufikia sasa naona nyekundu hizo mbili hazilingani, na sababu mojawapo inaweza kuwa kiasi cha vumbi lililo njiani.